Bomba Nililoligonga, Nikanyamaza

Hodan, aabo,

Mama yako amekwisha kukuagiza yote. Nimemsikia tangu asubuhi: nyama ya nyirinyiri ikae juu ya begi isije ikabanwa, simu ichajiwe, usikae viti vya nyuma, ukifika Nakuru upige kabla hujavua viatu. Sina la kuongeza hapo. Mimi nimekuja kukaa kwenye benchi ya kibanda changu. Alasiri nimeswali, nimewaambia wenye pancha warudi kesho, nimechukua daftari lako la zamani la fizikia ambalo kurasa zake za nyuma hukuzitumia, na ninakuandikia.

Utashangaa kwa nini ninaandika Kiswahili. Kisomali chetu nakisema kutwa nzima, nakuita aabo kama wewe unavyoniita mimi baba yako, lakini kukiandika sikufundishwa. Kiswahili ndicho nilichoandikia insha shuleni Wajir, mwalimu akinichapa kila nilipoandika "bamoja" badala ya "pamoja". Tena kuna neno ambalo kwa lugha ya mama yangu ulimi umekataa. Nimejaribu mara nyingi, hata jana tulipokuwa tunafunga baiskeli yako kwa magunia, nikaishia kukuuliza kama una kamba ya kutosha.

Neno lenyewe linahusu siku ulipoanguka kwenye laga, ule mto wetu mkavu. Nitalisema lote. Ila niache nianzie mbali kidogo, kwa sababu nikilitaja ghafla utadhani siku ile baba yako aliingiwa na shetani asiyemjua. Nilikuwa mimi, Bare, na nilikuwa nimeelekea huko kwa muda mrefu.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulipita hapa ukitoka shule, ukachukua spana namba kumi na tano, ukaanza kufungua nati ya gurudumu la mteja. Uliifungua vizuri, bila kuichubua pembe. Wanaume wawili walikuwa wamekaa hapa wakinywa chai na mmoja akacheka. Nikakunyang'anya spana. Nikasema, "Nenda kwa mama yako. Hii si kazi ya msichana." Hukulia. Uliniangalia, ukafuta grisi kwenye sare yako, ukaondoka. Yule aliyecheka hata jina lake leo silikumbuki, na kwa ajili ya kicheko chake nilikufukuza kwenye kitu ambacho mkono wako ulikuwa tayari unakijua.

Miaka sita baadaye ulikwenda kwa Kanini.

Siku ya kwanza nilikuona kutoka hapa hapa nilipokaa, maana karakana yake iko ng'ambo ya barabara na mwanga wa mashine yake ya kuchomelea huwa unapiga ukuta wangu. Nilimwona Kanini, yule mama wa Kitui ambaye amechomelea nusu ya mageti ya mji huu, na vitanda, na mikokoteni ya punda. Kando yake mtu mrefu amevaa kinyago juu ya hijabu. Nikasema moyoni, huyo ni mtoto wa nani wazazi wamemwachia hivyo? Kisha ukainua kinyago.

Jioni nilikuuliza umepata wapi ruhusa. Ulinijibu kwa upole, na mama yako shahidi. Ulisema, "Aabo, nilikuja kwako kwanza."

Nikakuambia ule chakula kisipoe.

Sasa nikueleze kitu ambacho ningependa mtu angenieleza nikiwa na umri wako. Nilidhani wivu ni hasira, kwamba ukinijia nitautambua kwa joto lake. Kwangu haukuja hivyo. Ulikuja kwa adabu. Nilianza kumsalimia Kanini kwa maneno mengi kuliko zamani, nikimwuliza habari za kwao, mvua, watoto, huku macho yangu yanapima geti lililoegemea ukuta wake kama limepinda. Nikitembea mjini kila geti lake nililopita nilitafuta kasoro. Nyumbani ukisema, "Anti Kanini anasema chuma kikipata joto kupita kiasi kinakuwa na roho nyepesi," mimi nilikuwa natafuna polepole. Miaka ishirini na zaidi nimeshika chuma, na binti yangu anasikia habari za chuma kutoka kwa mtu mwingine.

Na haikuwa mara ya kwanza. Nilipokuwa kijana Wajir, baada ya ukame kutumalizia ngamia, nilijifunza ufundi pamoja na kijana aitwaye Yusuf. Tulikula sahani moja. Siku moja Yusuf akamtengenezea mama yake, aliyekuwa hatembei, baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungushwa kwa mikono. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuitazama. Mimi nilisimama pembeni nikasema ekseli hiyo haitamaliza msimu wa mvua. Ilimaliza misimu mingi. Yusuf alipohamia Takaba alikuja kuniaga, nikamwambia nina kazi nyingi, tutaonana. Hatukuonana tena. Nimewahi kukueleza habari za ukame ule na za ngamia. Habari za Yusuf sikuwahi kukueleza.

Basi likaja lile tangazo la karakana ya Nakuru inayotengeneza baiskeli za milimani. Walitaka kila anayeomba nafasi ya kujifunza atengeneze kitu kwa mikono yake, akiendeshe mwenyewe, awatumie video. Ulikuja ndani unakimbia. Ulisema utatengeneza baiskeli ya mlimani ya kimo chako, kwa sababu una miguu mirefu ya ayeeyo, bibi yako, na tangu ukue hujapata baiskeli ambayo magoti hayagongi usukani. Mama yako aliuliza mlima uko wapi hapa Garissa. Ulisema, "Hooyo, mchanga wetu na miiba yetu ni kazi kuliko mlima." Alicheka mpaka akaweka kibuyu cha maziwa chini.

Nilisubiri uniombe. Wallahi nilisubiri. Nilikuwa nimekwisha kupanga kichwani ni fremu ipi tungeanza nayo.

Ulianzia kwa Kanini. Mlipata fremu moja kubwa iliyokatika bomba la chini, iliyotoka Dadaab na lori la vyuma chakavu, na nyingine mbili za zamani za kukatia mabomba. Kila siku niliona zaidi. Niliona Kanini anakupima mguu kwa utepe tangu nyonga hadi kisigino. Niliona mmelishusha bomba la juu ili upande na kushuka na gauni lako la diraa bila shida, na mmeweka wavu wa bati kwenye gurudumu la nyuma ili nguo isivutwe. Lilikuwa wazo zuri sana. Nililitafutia kasoro usiku na mchana, sikuipata, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwishowe ulikuja kwangu na rimu mbili na rundo la spoki ndani ya karatasi ya gazeti. "Aabo, magurudumu hakuna anayeyajua kama wewe."

Ulikuwa unanipa heshima. Leo naliona hilo. Siku ile nilisikia kwamba mwili wote wa baiskeli ni wa Kanini, na mimi nimeachiwa miguu. Nilipiga spoki zile kwa siku mbili. Nilizinyoosha mpaka rimu ikawa inazunguka bila kutikisika hata unene wa ukucha, na ndani ya tairi nikalaza mikanda ya tyubu kuukuu kwa ajili ya miiba. Nilitaka kila atakayeitazama ile baiskeli ayaone magurudumu kwanza.

Asubuhi ya kuijaribu niliyapeleka karakana kwa Kanini kuyafunga. Wewe na Kanini mlikuwa nje mnapaka rangi ya mwisho kwenye kiti. Fremu ilikuwa juu ya meza, na uma wa mbele umelazwa kando yake, haujaingizwa bado. Niliutazama. Lile bomba la juu la uma, linaloingia kwenye shingo ya fremu na kushika usukani, lilikuwa limeongezwa urefu. Shingo yenu ilikuwa ndefu, uma ulikuwa wa baiskeli fupi, basi mkaunga kipande. Kiungo kilikuwa kimesuguliwa kikawa laini, kimepakwa rangi, kinang'aa.

Nilichukua spana nikakigonga. Chuma kizima kikigongwa kinaimba. Kile kilinijibu kama sufuria yenye ufa.

Niligonga tena nikapata sauti ile ile. Nilijua pale pale, bila shaka yoyote, kwamba moto haukuingia ndani, kwamba chuma kimeshikana juu juu tu. Nilifungua mdomo nikuite. Na wakati huo huo nikakusikia nje unacheka, ukasema, "Anti, kila kitu ninachokijua nimekijua kwako."

Nikaweka spana chini.

Niliweka spana chini, Hodan. Nilifunga magurudumu yangu, nikapanguza mikono, nikatoka nikasema yako tayari, na uma mkauingiza wenyewe. Nilikuwa na hakika kiungo kile ni kazi ya Kanini. Nilitaka kivunjike mbele ya watu, mji mzima uone. Sikutaka wewe uanguke. Nilijiambia kitapinda pole pole hapo uani, utashuka, utaniangalia, nami nitasema, lete nikutengenezee. Nilidhani naweza kutaka kazi iharibike bila kutaka aliyekaa juu yake aumie. Ndivyo nilivyofikiri, na nilikuwa mtu mzima mwenye akili zake.

Unaikumbuka siku yenyewe kuliko mimi, kwa hiyo nitasema upande wangu tu. Watu wa bodaboda walikuwa wamejipanga kando ya barabara, akina mama wa maziwa wamesimama na vibuyu vyao, na Kanini ameshika simu anapiga video. Ulivaa suruali pana chini ya diraa, na kofia ngumu juu ya hijabu. Ulipita mbele yetu mara ya kwanza, baiskeli imetulia kama maji kwenye bakuli, na mmoja wa bodaboda akasema, "Huyo dada anapaa!" Uliteremka kwenye laga, ukakata mchanga, ukapanda ukingo wa pili. Ukarudi. Ukaenda tena. Haikupinda. Nikaanza kufikiri labda masikio yangu yamezeeka, na unajua nilihisi nini? Nilisikitika. Baba mzima, mtoto wake anafaulu mbele ya macho yake, naye anasikitika.

Mara ya tatu uliteremka kwa kasi. Gurudumu la mbele likagonga mzizi chini ya ukingo. Nikaona usukani umebaki mikononi mwako na baiskeli imekwenda kwake.

Nilikimbia, lakini Kanini alinitangulia. Yeye ni mzito kunishinda, ana viatu vya kazi, na alinitangulia. Nilipofika alikuwa amekwisha kukuinua kichwa, anakuambia usisogeze mkono.

Hospitalini walisema ni mfupa wa mtulinga, na jino la mbele limemegeka. Kanini alikaa kwenye korido na mchanga wa laga magotini. Aliponiona akasimama, akasema, "Fundi, ni kosa langu. Kazi imetoka kwangu, mimi ndiye nilipaswa kuikagua. Nisamehe." Nami nilimjibu nini? Nilimjibu, "Nilijua hii kazi si ya kuchezea." Alirudi akakaa, mwanamke yule anayejibizana na madereva wa malori kutwa nzima. Wewe ulisikia kutoka kitandani. Ukasema kwa sauti ya mtu aliyepewa dawa ya maumivu, "Aabo, usimlaumu. Kile kiungo nilichomelea mimi. Alikwenda kula, nikataka kumwonyesha naweza. Nikakisugua akakuta kimekwisha."

Nilitoka nje. Mama yako alifikiri nimekwenda kuswali. Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikajificha.

Ungetarajia nirudi ndani niseme. Hata mimi nilitarajia. Lakini siku ya kwanza ulikuwa na maumivu, siku ya pili wageni walijaa, na ya tatu ikawa vigumu kuliko ya kwanza. Kila siku niliyokawia ilikuwa inahitaji maelezo yake. Ukikosea kitu huko uendako, kiseme siku hiyo hiyo kikiwa bado kidogo, hata kama utakisema vibaya.

Na sasa sehemu ambayo ninaionea aibu kuliko ile ya spana.

Wiki zile mkono wako umefungwa shingoni, ulikuwa unakuja kukaa nami hapa kibandani. Ulikuwa unanipa spana kwa mkono mmoja. Ulikuwa unaniuliza habari za beringi na cheni. Nilipata nilichokitamani miaka yote, binti yangu kwenye benchi yangu, na nilikuwa na furaha. Furaha mbaya, aabo, lakini furaha. Kanini alikuja kukujulia hali na tikitimaji kubwa la kutoka mashamba ya mtoni, nikampokea mlangoni, nikamwambia umelala. Hukuwa umelala. Ulikuwa chumbani unasoma. Akaja tena, nikasema umekwenda kwa ayeeyo yako. Ndiyo maana ulidhani amekususa. Ulipomwambia mama yako, "Anti Kanini hataki hata kuniona tena," nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuweza kukushika mkono, na sikusema kitu.

Kisha siku moja ukaniuliza, "Aabo, wewe ungekitazama kile kiungo, ungejua?"

Nikasema, "Labda."

Neno moja. Nimewahi kudanganya wateja kuhusu siku ya kumaliza kazi, nimewahi kumdanganya mama yako kuhusu sigara. Hakuna uongo niliowahi kusema mzito kama hilo "labda". Kwa sababu uliitikia kwa kichwa, ukautazama mkono wako wa kulia, ule mzima, kama mtu anayetazama kitu alichouziwa kibovu.

Kilichonitoa hapo ni simu ya Nakuru. Walikupigia ukiwa hapa kwenye benchi. Mtu wao alikuwa ameona mwanzo wa video, ile sehemu nzuri aliyowatumia Kanini, akataka kujua nyingine iko wapi. Ukamwambia, "Asante, lakini nimeona mimi si mtu wa kazi hiyo." Ukakata, ukanipa spana niliyokuwa nimekuomba, ukauliza kama ni hiyo.

Jioni ile ile nilivuka barabara. Kanini alikuwa anachomelea mguu wa kitanda. Nilimngoja akainua kinyago. Nikasema, "Siku ile niligonga lile bomba kabla halijaingia. Nilisikia limeoza. Nikanyamaza."

Alizima mashine.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na ukamwacha mtoto akapanda."

"Nilidhani ni kazi yako."

"Kwa hivyo kama ni kazi yangu, sawa?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilinitisha. "Fundi Bare, mimi tangu siku ile sijachomelea ngazi wala kitanda cha mtoto. Nachukua mageti tu, maana geti likianguka linaanguka peke yake. Nimekuja kwako na tikiti mara mbili, ukanifungia mlango kama mwizi. Ungekuwa ndugu yangu ningekupiga na hiki chuma."

"Nipige."

"Usiniletee hayo. Nikikupiga utaenda nyumbani umefurahi kwamba tumemalizana." Alivua glavu. "Kumwambia sitamwambia. Hiyo ni yako, na usipoisema itakuoza wewe. Lakini kesho utamleta hapa. Utamshika mkono umvushe hiyo barabara mchana, watu wakiona."

Nilikuvusha. Utakumbuka ulinikatalia nusu saa nzima, ukisema huna uso wa kumtazama. Utakumbuka Kanini alivyokupokea, akakukumbatia upande usiouma. Usilolijua ni kwamba nilisimama hapo mlangoni, nimetoka kukiri jana yake, nimejuta kweli, na bado nilipokuona umeweka kichwa begani kwake nilisikia kitu kinanichoma hapa chini ya mbavu. Nilidhani mtu akikiri kitu kile kinakufa. Hakikufa. Nimejifunza tu kukitambua kinapoinuka, na kukiacha kikae bila kukipa kazi ya kufanya.

Tulitengeneza upya, watu watatu. Kanini alitafuta uma mwingine wenye bomba refu la asili, lisilohitaji kuungwa. Wewe ulichomelea fremu ilipokuwa imepata ufa, Kanini akasimama nyuma yako akisema, "Subiri dimbwi la moto, subiri, sasa sogea." Mimi nilikufundisha kugonga chuma na kusikiliza. Nilikupa vipande kumi na viwili, vizima na vyenye ufa, ukafumba macho, ukakosea kimoja tu. Ukasema, "Laiti ungegonga siku ile, aabo." Kanini aliinua kichwa akanitazama. Niliinama nikatafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo.

Siku ya kuijaribu tena, ile ya video iliyokupatia nafasi Nakuru, hatukumwita mtu. Tulikuwa sisi watatu na mama yako, aliyekuwa anasoma dua bila kupumzika. Uliteremka kwenye laga, ukapanda, ukarudi, ukateremka kwa kasi ile ile na juu ya mzizi ule ule, kwa makusudi, mimi nimeshika kichwa. Baiskeli iliruka, ikatua, ikaendelea. Ulipofika ulimrukia Kanini kwanza. Niliona. Kisha ukaja kwangu, ukaniambia, "Aabo, panda."

Nilipanda na macawis yangu, hiki kikoi, nimeikunja magotini, mkacheka wote kwa sababu vidole vyangu vya miguu vilikuwa vinazifikia pedali kwa shida. Lakini nilikwenda hadi ukingoni na kurudi. Nimetengeneza baiskeli za watu tangu nikiwa kijana, na sijawahi kupanda hata moja iliyotengenezwa kwa kumpima mtu. Kila nilichowahi kumiliki kilikuwa kimechoka kwa mwenzangu kabla ya kunifikia. Ile ilikuwa inakungoja wewe hata mimi nikiwa juu yake. Nikakuonea wivu wewe, mwanangu. Kwa miguu yako, kwa miaka yako, kwa Nakuru, kwa vile uliwahi kufukuzwa na ukaenda kutafuta mlango mwingine, na mimi nilipofukuzwa na ukame nilikaa kwenye benchi ya kwanza niliyoipata. Niliposhuka ulisema, "Mbona macho yana maji?" Nikakuambia ni vumbi.

Haikuwa vumbi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Kule uendako watakuwapo watu wenye mikono myepesi kuliko yako. Mmoja atasifiwa mbele yako kwa kitu ulichokitaka wewe, nawe utamwona amefunga kitu vibaya, na utakuwa peke yako na lile unalolijua. Sikuambii moyo wako utakuwa safi saa hiyo. Wangu haukuwa. Ninakuambia useme tu, hata ukiwa umekasirika, hata ukisema kwa ukali. Moyo utashughulika nao baadaye.

Na mkono wako, Hodan. Ule moto ulikuwa haujaingia, hilo ni kweli, kila anayejifunza huchoma hivyo. Ndiyo maana karakana huwa na mtu wa zamani wa kukagua. Mtu wa zamani alikuwepo siku ile. Alikagua. Aliona. Kilichokuangusha si mkono wako peke yake, kwa hiyo usiubebe peke yako hadi Nakuru.

Mama yako alinishauri niiweke barua hii ndani ya begi uikute njiani. Yeye anajua, nilimwambia juzi, na hajanisemesha vizuri tangu hapo. Nimekataa. Ukiisomea Mwingi utakuwa na hasira na kiti cha basi, na utashuka Nakuru umempa mtu usiyemjua hasira hiyo. Ninaileta sasa hivi, kabla ya magharibi, nitakupa mkononi uisome jua likiwa bado lipo. Mimi nitakaa uani kwenye mkeka, sitatoka kwenda popote.

Njoo unigombeze. Piga kelele majirani wasikie ukitaka. Unajua nilivyo, hata hasira yako sitaki apewe mtu mwingine.

Baba yako,
Bare